Kuigiza Tamthilia ya Kale Leo bila Kumdhulumu Mtu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwaka 1681 mshairi wa Kiingereza Nahum Tate aliichukua King Lear ya Shakespeare akaibadilisha mwisho. Kwa Tate, Lear hafi, bali hurudishiwa ufalme wake. Bintiye Cordelia, ambaye Shakespeare alimfanya anyongwe gerezani, anabaki hai na kuposwa na Edgar. Tate hakujificha: alipoichapa kazi yake alieleza mwanzoni kabisa nini amekiongeza na kwa sababu gani. Ila majumba ya maonyesho yaliipenda mno, yakaing'ang'ania, na kwa zaidi ya karne moja mtu wa London aliyelipa kiingilio kwenda kumwona Lear aliyemwona ni Lear wa Tate. Hadi 1838 ndipo mwigizaji William Charles Macready aliporudisha jukwaani andiko la Shakespeare, na hata yeye alilipunguza.

Naanza na kisa hiki kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi na vikundi vya uigizaji ni hili: je, inaruhusiwa kubadilisha tamthilia ya kale? Historia imeshalijibu. Kila kizazi kimebadilisha. Shakespeare mwenyewe aliichota Othello kutoka hadithi ya Mwitaliano Cinthio iliyochapwa 1565. Swali zito zaidi ni nani anayeumia mabadiliko yakifanywa kwa siri, au kwa pupa, au yasipofanywa pale yalipohitajika. Kwa maoni yangu wapo wanne wa kuangaliwa: mtunzi asiyeweza tena kujitetea, mwigizaji anayetia mwili wake katika maneno yale, mtazamaji aliyelipa akiamini anachoambiwa, na watu ambao tamthilia inawasema wakiwa hawapo chumbani. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kila mmoja wao apate zamu ya kufikiriwa kabla pazia halijafunguliwa.

Hatua ya 1: Jua kazi ni ya nani

Kundi likishaipenda tamthilia huwa zito kusikia habari za ruhusa, kwa hiyo anzeni hapa. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, unaweka kima cha chini cha ulinzi: uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimepandisha hadi miaka 70. Hesabu huishia mwisho wa mwaka. Mtunzi wa Kijerumani Bertolt Brecht alifariki 1956, hivyo katika nchi ya miaka 70 kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2026. Samuel Beckett alifariki 1989. Hesabu hiyohiyo inafika mwisho wa 2059. Watu huwaita wote wawili waandishi wa kale, lakini mbele ya sheria ya nchi hizo hawajafika huko.

Mtego unaowanasa wengi ni tafsiri. Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, ni wa kila mtu. Aliyemtafsiri miaka 20 iliyopita si wa kila mtu. Shakespeare hana wa kumdai, lakini Julius Nyerere aliyemfasiri kwa Kiswahili alifariki 1999, na hata kwa kima cha chini cha miaka 50 haki za tafsiri zake hazijafika mwisho. Ukitaka kuigiza tafsiri, omba ruhusa ya tafsiri. Usichukue tafsiri ya mtu, ukageuza maneno mawili matatu katika kila ukurasa, kisha ukaandika jina lako. Huo ni wizi hata kama hakuna atakayekushika.

Kutotoza kiingilio hakuondoi wajibu wa kuomba ruhusa. Sheria za nchi nyingine zinatoa nafuu kwa kazi ya darasani, lakini nafuu hiyo mara nyingi haifuati onyesho linapotoka darasani kwenda ukumbini mbele ya umma. Soma sheria ya nchi yako au muulize anayezijua.

Tena kuna haki nyingine nje ya ile ya malipo. Mkataba huohuo wa Berne unampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima, na huko Ufaransa haki hiyo haina mwisho. Mwaka 2015 mwongozaji Frank Castorf aliiweka jukwaani Baal ya Brecht mjini Munich, akiingiza ndani yake maandishi mengi ya watu wengine. Mchapishaji anayesimamia kazi za Brecht alikwenda mahakamani, na shauri likaishia katika maafikiano: onyesho liruhusiwe mara mbili tu tena, basi. Fikiria miezi ya mazoezi, maleba na mandhari, kisha maonyesho mawili. Barua moja ya kuomba ruhusa mapema ingali rahisi kuliko hapo.

Ukikataliwa, umekataliwa. Tafuta tamthilia nyingine au andika yako.

Hatua ya 2: Soma matoleo yote kabla ya kushika kalamu nyekundu

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana upunguzaji ndio mabadiliko yanayofanywa na kila mtu na kutangazwa na wachache. Hamlet ikiigizwa yote huchukua takribani saa nne, kwa hiyo karibu kila kundi hukata. Kukata si dhambi. Lakini kila mstari unaoondolewa unabeba kitu, na usipojua unabeba nini, utakuwa umeamua jambo la kimaadili bila kujua kwamba umeamua.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Katika King Lear, Cornwall, mkwe wa Lear, anamng'oa macho mzee Gloucester mbele yetu. Mtumishi mmoja anashindwa kuvumilia, anachomoa upanga dhidi ya bwana wake, na anauawa. Gloucester anasukumwa nje ya lango akiwa kipofu. Katika toleo lililochapwa 1608, watumishi wawili wanabaki nyuma. Wanasema maneno machache tu: kwamba mtu kama Cornwall akipata mwisho mwema, basi hakuna uovu watakaouogopa kuutenda, kisha mmoja anakwenda kutafuta kitani na ute wa mayai amwekee mzee kwenye uso unaotoka damu. Katika toleo la 1623 mistari hiyo haimo. Mwaka 1962 Peter Brook, alipoiongoza tamthilia hii Uingereza akiwa na Paul Scofield kama Lear, naye aliiacha nje.

Ni mistari michache mno. Ikiwemo, mtazamaji anatoka kwenye tukio lile la kutisha akijua kwamba hata ndani ya nyumba ya wakatili wapo wadogo wasio na jina wanaohurumia. Isipokuwemo, ulimwengu wote wa tamthilia unakuwa mgumu na mtupu. Chaguo zote mbili zina msingi katika maandishi ya kale, na mwongozaji mwaminifu anaweza kutetea lolote. Asichoweza kutetea ni kuikata kwa sababu watumishi wale wawili wanahitaji maleba mawili zaidi na hakufikiri tena.

Kwa hiyo, kiutendaji: pateni angalau matoleo mawili ya andiko. Yasomeni mezani kwa sauti, yote, bila kukata. Kisha chukueni nakala moja iwe nakala kuu, na kila mnapokata au kuongeza, andikeni pembeni sababu kwa maneno machache. "Muda" ni sababu halali. "Mhusika huyu anaonekana mbaya" inahitaji mazungumzo marefu, na hatua ya 4 itaonyesha kwa nini.

Hatua ya 3: Andika sentensi moja ya kwa nini

Kwa nini tamthilia hii, kwa nini sasa, kwa nini nyinyi? Jibu la "ni maarufu" au "imo kwenye mtaala" linatosha kuichagua, halitoshi kukuongoza utakapofika mahali pagumu. Wafungwa wa Robben Island walipoigiza Antigone ya Sophocles, na Nelson Mandela akamcheza mfalme Creon, hawakuwa na haja ya kuulizwa kwa nini. Si kila kundi lina sababu nzito kiasi hicho, na halihitajiki kuwa nayo. Lakini sentensi iwepo, ibandikwe ukutani chumba cha mazoezi, na kila badiliko kubwa lipimwe nayo.

Hatua ya 4: Orodhesha watu wanaosemwa

Pitia andiko ukiwa na karatasi kando. Andika kila kundi la watu linalotajwa, kuchekwa, kudharauliwa au kusemewa: Wayahudi, Waafrika, wanawake, watumwa, walemavu, vichaa, watu wa dini fulani, maskini. Mbele ya kila moja andika nani anasema maneno hayo, na tamthilia yenyewe inamchukuliaje msemaji. Karatasi hii itawafaa kuliko mjadala wowote wa jumla kuhusu kama tamthilia fulani "ni ya kibaguzi".

Chukua Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, ambamo Myahudi mkopeshaji Shylock anamdai mfanyabiashara Mkristo, Antonio. Mwaka 1943, Vienna ikiwa chini ya Wanazi, iliwekwa jukwaani katika ukumbi wa Burgtheater huku Werner Krauss akimcheza Shylock kama kiumbe cha kuchukiwa. Wayahudi wa mji huohuo walikuwa wamekwisha kupelekwa kuuawa. Anayesema kwamba tamthilia ni tamthilia tu na haina madhara nje ya ukumbi, aanze kwa kulieleza onyesho lile.

Mbele ya historia hiyo mwongozaji mwenye nia njema hushika kalamu akaanza kusafisha. Anaondoa pale Antonio anapokiri kwamba amemtemea Shylock mate na atamtemea tena. Anaondoa dhihaka za Gratiano, rafiki wa upande wa Antonio, mahakamani. Anaondoa maneno ya Portia, msichana tajiri anayeposwa na wengi, ya kufurahi kwamba mchumba mweusi, Mwana wa Mfalme wa Moroko, ameshindwa, na kuomba wote wa rangi yake wachague vivyo hivyo. Anaondoa hata hukumu ya kumlazimisha Shylock kuwa Mkristo. Sasa soma kilichobaki. Wakristo wamekuwa waungwana. Portia amekuwa msichana mwema asiye na doa. Na Shylock anadai ratili ya nyama bila sababu inayoonekana, kana kwamba ukatili wake umetokana na damu yake. Usafi ule umemwosha mtesaji na kumwacha mteswa na uchafu wote. Umefanya kile ambacho mchukia Wayahudi angependa kifanywe.

Ndiyo maana kanuni yangu ni kwamba neno la chuki lisiondolewe kabla ya kuuliza linamwanika nani. Likimwanika msemaji, mara nyingi libaki. Likiwa ni kichekesho ambacho mtunzi mwenyewe anataka tucheke pamoja na msemaji, na halina kazi nyingine, liende; hakuna atakayelikosa.

Usikubali pia hoja kwamba watu wa zamani hawakuona tatizo, na sisi tunaleta macho ya leo. Walikuwepo walioona. The Taming of the Shrew, ambamo Petruchio anamfuga mkewe Katherina kwa njaa na kumnyima usingizi, ilijibiwa na John Fletcher mnamo 1611 Shakespeare akiwa bado hai. Katika tamthilia ya Fletcher, Katherina amekufa, Petruchio ameoa tena, na mke mpya ndiye anayemfuga yeye. Mjadala ni wa zamani kama tamthilia yenyewe. Hotuba ndefu ya mwisho ya Katherina, anayowaambia wanawake waweke mikono chini ya nyayo za waume zao, inaweza kusemwa kwa dhati, kwa kejeli, kwa uchovu wa mtu aliyevunjwa, au kwa siri iliyopo kati yake na mumewe. Hakuna njia isiyo na gharama. Kinachotakiwa ni kuichagua pamoja na mwigizaji anayeisema, na kuipanga tamthilia nzima kuanzia mwanzo iifikie hotuba hiyo.

Jambo moja zaidi. Watu mnaowaigiza wakiwa hai na wanafikika, waiteni. Waiteni mapema, wakati andiko bado linaweza kubadilika, na walipeni kama mnavyomlipa fundi wa taa. Kumwalika mtu wiki ya mwisho atazame mazoezi na kusema "sawa" ni kumtumia kama muhuri. Na akisema kwamba kitu fulani kinamuumiza, mnalazimika kumsikiliza na kumjibu kwa sababu; hamlazimiki kukubali kila kitu, maana hata yeye hawasemei watu wake wote.

Hatua ya 5: Amueni nani anaigiza nani, na mseme sababu

Mwaka 1833 Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, alimcheza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, London. Baadhi ya magazeti yalimshambulia kwa rangi yake, na alipanda jukwaa lile mara mbili tu. Paul Robeson alimcheza London 1930 na New York 1943. Hata hivyo, mwaka 1964 Laurence Olivier, mzungu, bado alijipaka rangi nyeusi mwili mzima kumcheza mhusika huyohuyo katika jumba la taifa la Uingereza, na onyesho likafanywa filamu. Yaani kwa muda wa zaidi ya karne mtu mweusi alizuiwa au kukaribishwa kwa shida hata katika nafasi ya mhusika mweusi. Rangi usoni inabeba historia hiyo, mpakaji awe na nia gani.

Machi 2019 kundi moja lilitaka kuigiza tamthilia ya Aeschylus kuhusu mabinti wa Danaus katika chuo cha Sorbonne, Paris. Waandamanaji walizuia onyesho kwa sababu ya waigizaji kupakwa na kuvishwa vinyago vyeusi. Waandaaji walijitetea kwa desturi za Ugiriki ya kale. Sikubaliani na kuzuia watu mlangoni. Lakini nakubaliana kwamba hadhira ya leo haiwezi kuombwa isahau ilichokiona katika karne mbili zilizopita kwa sababu Wagiriki walivaa vinyago. Kwa tamthilia yoyote, ukijikuta unataka kumbadilisha mwigizaji rangi au kumfanya aige ulemavu ili kumpata mhusika, simama kwanza umtafute mwigizaji ambaye hahitaji kupakwa wala kuiga.

Kubadilisha jinsia ni jambo jingine. Hadi 1660 wanawake hawakuruhusiwa kwenye majukwaa ya kulipia ya Uingereza, na Cordelia, Desdemona na Cleopatra wote waliandikwa wakijua kwamba watachezwa na wavulana. Mwanamke anayemcheza Brutus au Lear anaingia nyumba ambayo milango yake ilikuwa imefungwa. Mwaka 2012 Phyllida Lloyd aliongoza Julius Caesar ya waigizaji wanawake pekee London, akiiweka ndani ya gereza la wanawake, na Shakespeare hakudhurika. Kwa kazi iliyo chini ya hakimiliki, lakini, rudi hatua ya 1: Beckett aliwashtaki Waholanzi 1988 kwa kuigiza Waiting for Godot na wanawake. Mahakama ikawapa haki Waholanzi, naye akapiga marufuku tamthilia zake kuigizwa nchini mwao.

Hatua ya 6: Mlinde mwigizaji

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika uigizaji ninaisikia methali hii kila mara mwongozaji anapomwambia mwigizaji "ni mchezo tu". Tamthilia za kale zimejaa kunyongwa, kubakwa, kuchinjwa watoto na kutukanwa. Mtunzi amekufa, mtazamaji ataona mara moja, lakini mwigizaji atapitia tukio hilo kila siku kwa wiki nyingi.

Siku ya usaili, kabla hajakubali, aelezwe waziwazi nafasi ina nini: atabusu, atapigwa, atavuliwa nguo, atatamkiwa maneno gani. Awe na haki ya kukataa bila kuulizwa sababu, na kukataa kitu kimoja kusimgharimu nafasi yote pale inapowezekana kupanga upya. Waigizaji wengi, hasa wageni, watasema ndiyo kwa woga. Kwa hiyo swali liulizwe tena faraghani, na mtu asiye mwongozaji.

Kisha tukio lenyewe lipangwe kama dansi. Chukua kifo cha Desdemona, anayeuawa kitandani na mumewe Othello. Anayecheza Othello hashiki shingo: mikono yake inapita pembeni, uzito wake uko kwenye magoti na kiganja kilichowekwa kitandani, na mto haugusi pua wala mdomo. Anayeongoza mwendo ni Desdemona. Yeye ndiye anayevuta mikono ile, ndiye anayetikisa mwili, ndiye anayeamua kasi, mwenzake anafuata. Kwa mtazamaji inaonekana kinyume kabisa. Wawe na ishara ya kusimamisha, kwa mfano kugonga kitanda mara mbili, inayofanya kazi hata usiku wa onyesho. Kila kitu kiandikwe, na kabla ya kila onyesho wawili hao wapitie mwendo ule polepole. Hakuna "leo niliingiwa na hisia nikaongeza". Anayeongeza bila kukubaliana anaondolewa kwenye tukio. Vivyo hivyo kwa busu na mguso wowote wa mahaba: mahali, muda, mkono upi. Mkiweza kumpata mratibu aliyesomea kazi hiyo, mpateni. Msipoweza, mchagueni mtu mmoja mzima wa busara ambaye kazi yake katika tukio hilo iwe usalama tu.

Waigizaji wakiwa watoto, matukio ya aina hiyo yasimuliwe badala ya kuonyeshwa. Wagiriki wenyewe walifanya hivyo: katika tanzia zao mauaji mengi hutokea nje ya jukwaa na mjumbe akaja kuyaeleza, na bado hadhira ilitetemeka.

Hatua ya 7: Mwambie mtazamaji ukweli

Tangazo la onyesho ni ahadi. Mkiandika "Othello, ya William Shakespeare", mtazamaji ana haki ya kudhani atapata andiko hilo, hata kama limepunguzwa. Mkiwa mmebadilisha mwisho, mmeongeza wahusika au mmeandika upya mazungumzo, semeni "imetokana na Othello" na mtaje aliyeandika upya. Mkiwa mmechukua kisa tu, ipeni jina jipya. Ola Rotimi alipomhamishia Oedipus, mfalme wa tamthilia ya Sophocles, katika ufalme wa Wayoruba 1968, mfalme akawa Odewale na tamthilia ikaitwa The Gods Are Not to Blame. Aimé Césaire alipoigeuza Tufani ya Shakespeare 1969 ili mtumwa Caliban azungumze kama mtu aliyetawaliwa, aliiita Une tempête na kueleza kwamba ni kwa ajili ya ukumbi wa watu weusi. Hakuna aliyedanganywa, na Sophocles na Shakespeare wapo palepale kwa anayewataka. Kadiri unavyokwenda mbali na andiko, ndivyo jina jipya linavyokupa uhuru. Waongozaji wanaotaka uhuru wa Césaire na mauzo ya tiketi ya Shakespeare kwa wakati mmoja wanamnyima mtazamaji haki yake.

Mtunzi wa Norway, Henrik Ibsen, alijua uchungu wa hili. A Doll's House ilipotoka 1879, mhusika mkuu Nora aliondoka nyumbani akimwacha mume na watoto. Mwigizaji maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, hakutaka kumcheza mama anayewaacha wanawe. Sheria za wakati huo hazikumlinda Ibsen huko, na mtu yeyote angeweza kumwandikia mwisho mwingine. Akaona heri aandike mwenyewe mwisho ambao Nora anapelekwa mlangoni pa chumba cha watoto na kushindwa kuondoka, kisha akatangaza hadharani kwamba mwisho ule ni ukatili dhidi ya tamthilia yake.

Katika kijitabu cha onyesho, tengeni nusu ukurasa: andiko gani limetumika, nani amefasiri, kipi kikubwa kimeondolewa au kuongezwa, na kwa nini. Mwaka 1984 JoAnne Akalaitis aliihamishia Endgame ya Beckett katika njia ya treni ya chini ya ardhi huko Marekani. Beckett akapinga, na maafikiano yakawa kwamba pingamizi lake lichapwe ndani ya kijitabu cha onyesho. Mtazamaji akasoma, akatazama, akaamua. Naona lilikuwa suluhisho la heshima.

Onyo kuhusu matukio ya ukatili liwe fupi na liwekwe mahali pa kununulia tiketi, si mlangoni mtu akiwa ameshalipa. Aliyewahi kubakwa ana haki ya kujua kwamba Titus Andronicus ina ubakaji kabla hajaketi katikati ya safu asiyoweza kutoka.

Hatua ya 8: Wafadhili na malalamiko

Mkataba na mfadhili useme wazi kwamba hana kauli juu ya andiko. Mwaka 2017 ukumbi mmoja wa New York uliigiza Julius Caesar kwa kumvisha Caesar sura ya rais wa Marekani wa wakati huo. Wafadhili wawili wakubwa walijitoa, onyesho likaendelea. Mwambie mfadhili mapema mnakusudia nini. Akitaka kuondoka, aondoke kabla hamjatumia hela yake.

Malalamiko yakija baada ya usiku wa kwanza, ateuliwe mtu mmoja wa kuyapokea na kuyajibu kwa maandishi. Tofautisheni anayesema "nimekasirika" na anayesema "mmenisingizia". Wa kwanza ajibiwe kwa adabu. Wa pili huenda ana haki, na badiliko dogo usiku wa pili si aibu kwa yeyote. Likifanywa, waigizaji waambiwe kabla ya saa ya kujivika maleba, na kijitabu kirekebishwe.

Hatua ya 9: Hifadhini nakala kuu

Ile nakala ya hatua ya 2, yenye sababu pembeni, iwekeni pamoja na kijitabu, ruhusa za haki, orodha ya hatua ya 4 na maelezo ya matukio ya hatari. Onyesho likialikwa sehemu nyingine au likirudiwa na waigizaji wapya, msiwape mienendo ya wale wa zamani wainakili. Anzeni nao tena kwenye hatua ya 4, kisha ya 6, maana Desdemona mpya ana mwili wake na mipaka yake, na yaliyokubaliwa na mwenzake hayamfungi.